Maji ya Kiunoni Si Hukumu ya Utasa

Katika kilima cha Naguru, mjini Kampala, yapo makao makuu ya polisi na pia Hospitali ya Urafiki ya China na Uganda, iliyofunguliwa mwaka 2012. Huko, kama kwingineko, mke wa askari aweza kupigwa picha ya tumbo akaandikiwa kwamba ana "maji kiunoni". Akirudi nyumbani na karatasi hiyo, huenda mume na mawifi wakamwita tasa. Hiyo ni dhuluma, kwa kuwa maji hayo peke yake hayathibitishi jambo lo lote.

Kila mwezi yai linapopevuka na kutoka katika kifuko chake, maji kidogo humwagika nyuma ya mji wa mimba. Mwili huyanyonya wenyewe. Hayo hayahitaji dawa, wala hayazuii mimba.

Maji ya kuhofiwa ni yale yanayoletwa na ugonjwa. Vijidudu vya kisonono na vya klamidia hupanda toka ukeni hadi kwenye mirija ya uzazi. Mirija huvimba, huota makovu na kuziba. Pengine hujaa maji, na yai halipati njia. Utafiti uliofanywa Lund, Sweden, na kuchapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba waliougua hivyo mara moja, 8 katika kila 100 waliziba mirija wakakosa uzazi. Waliougua mara tatu au zaidi, idadi ilifikia 40. Kuchelewa, basi, ndiko kunakoharibu.

Kampala inayajua madhara haya tangu zamani. Hospitali ya Mulago ilianzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya kutibu magonjwa ya zinaa.

Dalili ni maumivu chini ya kitovu, homa, uchafu wenye harufu, na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Lakini klamidia mara nyingi haina dalili, kwa mke wala kwa mume. Kwa hiyo mume aliyerejea kutoka kituo cha mbali hana budi kupimwa na kutibiwa pamoja na mkewe. Akitibiwa mke peke yake, ataambukizwa tena. Dawa zimalizwe zote, na mitishamba isitiwe ukeni.

Mama aliyekosa hedhi, kisha akashikwa na maumivu makali ya tumbo au kizunguzungu, apelekwe hospitali mara moja. Huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba, na maji yanayoonekana ni damu.

Wanandoa waliokaa mwaka mzima pasipo kupata mimba waende wote wawili. Mbegu za mume zipimwe, na mirija ya mke ichunguzwe. Hata mirija ikiwa imeziba, njia ipo: mtoto wa kwanza wa Uganda aliyetungwa nje ya mwili alizaliwa Kampala mwaka 2004. Gharama yake ni kubwa, lakini kutibu kisonono mapema ni rahisi.

Karatasi ya picha na isomwe na daktari, isigeuzwe talaka.