Mpishi na bawabu wa shule nao wafunzwe kumlinda mtoto

Asubuhi ya siku ya shule, mtu akisimama mjini Busia au Malaba, upande wa Kenya, ataona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata haliwashangazi tena. Watoto waliovaa sare hupishana mpakani, hawa wakija kusoma Kenya na wale wakienda kusoma Uganda, wakipenya katikati ya malori, mikokoteni na bodaboda. Jamaa za Waiteso na Wasamia ziliishi pande zote mbili kabla ya mpaka kuchorwa, na hadi leo nyanya wa mtoto huenda yuko ng'ambo na shangazi yake yuko huku. Hapana ubaya katika hayo. Lakini mlango ulio wazi kwa mtoto u wazi pia kwa yule anayemdhuru.

Ndiyo maana nataka tulitazame upya suala la kuwapa wafanyakazi wa shule mafunzo ya kuzuia dhuluma dhidi ya watoto na kuiripoti. Kila mara mtoto anaponajisiwa au kupigwa hadi kuumia, twasikia wito uleule: walimu wafunzwe! Wito huo ni wa haki, lakini ni nusu tu ya jambo. Maoni yangu ni kwamba katika miji hii ya mpakani hapana budi kumfunza kila mtu anayelipwa na shule, kuanzia mwalimu mkuu hadi bawabu, na kumfunza hasa namna ya kuzitumia saa 24 za kwanza.

Hatuna uhaba wa sheria. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa na ukatili wa kila aina. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa umri wa miaka 11 au chini yake. Mwaka wa 2010 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilitoa waraka unaomtaka mwalimu yeyote anayejua au kushuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono aripoti katika muda wa saa 24. Anayenyamaza au kuficha huweza kuadhibiwa na Tume.

Tazama sasa pengo lililopo. Sheria hiyo ya 2006 inapotaja watu wanaotumia vibaya cheo chao kumpotosha mwanafunzi, haiishii kwa mwalimu. Yamtaja pia mwajiriwa yeyote wa shule, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 10. Lakini waraka wa TSC wawahusu walimu. Mpishi, bawabu, karani na matroni kwa kawaida huajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule, nao hukaa nje wakati walimu wanaposemeshwa ukumbini. Sheria yamwona mfanyakazi huyu anapokuwa mkosaji. Sisi hatumwoni anapoweza kuwa mwokozi.

Na mara nyingi huyo ndiye anayejua mambo mapema. Bawabu huona ni pikipiki gani inayomngoja msichana nje ya lango kila Ijumaa, na dereva gani wa lori amemzoea mno. Mpishi huona mtoto ambaye ameacha kula. Matroni huona michubuko anayoificha mtoto chini ya sare. Mtoto anayemwogopa mwalimu, na pengine ni mwalimu huyo huyo anayemtesa, humnong'oneza mama wa jikoni kwa lugha ya nyumbani. Naye mama wa jikoni hubaki na siri hiyo kama kaa la moto mkononi. Akisema, huenda akafukuzwa kazi. Akinyamaza, dhamiri itamsuta. Hajui amwambie nani, kwa maana hakuna aliyewahi kumwambia.

Natutoe mfano. Mpishi anajipa moyo, anamweleza naibu wa mwalimu mkuu. Naibu, kwa nia njema kabisa, anamwita mtuhumiwa ofisini ajieleze, kisha anawaita wazazi jioni. Kwingineko kosa hilo lingempa mtuhumiwa usiku mmoja wa kutunga uongo. Malaba lampa muda wa kuvuka daraja, na kuvuka ni kazi ya dakika chache. Kufikia asubuhi yuko katika nchi nyingine, ambako polisi wa Kenya hawana mamlaka ya kumkamata bila kuwategemea wenzao wa Uganda. Mtoto amekwisha kusimulia kisa chake mara tatu kwa watu watatu. Nguo zimefuliwa. Na saa zinayoyoma, ilhali dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita tangu tendo lenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyekusudia ubaya. Walikosa mafunzo tu.

Mafunzo ninayoyasema, basi, si hotuba ya siku moja kuhusu huruma. Ni mazoezi. Mtoto akikujia, msikilize bila kumhoji kama askari, wala usimwahidi kwamba utaitunza siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa. Usimwoshe, usizifue nguo zake. Mpeleke hospitali kwanza. Toa ripoti kwa polisi na kwa afisa wa watoto, na uandike jina la aliyeipokea. Zaidi ya yote, usimgutushe mtuhumiwa. Mambo haya yaweza kuandikwa katika karatasi moja na kubandikwa jikoni, langoni na ofisini.

Msomaji wa Busia ataniuliza: ripoti ikitolewa, nani ataishughulikia? Swali hilo lina uzito katika kaunti hii. Mwaka wa 2013 msichana wa umri wa miaka 16 alibakwa na genge la wanaume akitoka katika mazishi. Washukiwa walipopelekwa kituoni, polisi waliwaamuru kukata nyasi, kisha wakawaachilia. Dunia nzima ilipiga kelele, na zaidi ya watu milioni moja wakatia sahihi ombi la kudai haki. Hatimaye, Aprili 2015, wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15. Mwaka huo huo wa 2013 Mahakama Kuu mjini Meru ilikuwa imeamua kwamba polisi wanapokosa kuchunguza visa vya watoto kunajisiwa wanavunja haki za watoto hao. Kwa hiyo askari wa zamu naye akae darasani pamoja na mpishi na mwalimu, ili wajuane kwa majina kabla ya siku ya msiba.

Kuna wanaonyamaza ili kulinda jina la shule. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mei 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wanafunzi wawili wa Nakuru waliodhulumiwa kingono na mwalimu wao. Haikumlaumu mwalimu peke yake. Tume iliyomwajiri na Serikali pia ziliwajibishwa, na watoto hao wakapewa fidia ya shilingi milioni 2 na milioni 3. Aibu iliyofichwa hurudi ikiwa na deni.

Wengine hukimbilia suluhu ya nyumbani. Wazee huketi, mbuzi au fedha zikatolewa, na mama maskini akashauriwa asahau. Simlaumu mama huyo, kwa maana nauli ya kwenda mahakamani mara kumi haipatikani kwa urahisi. Lakini sheria haikuwapa wazee wala shule uwezo wa kuizima kesi ya namna hii. Mfanyakazi aliyefunzwa ndiye atakayemwambia mama hivyo kabla mbuzi hajafungwa kamba.

Nimewasikia pia walimu wakihofia kusingiziwa. Hofu yao si ya kubezwa, kwani jina la mtu likichafuka halisafishiki upesi. Lakini kuripoti si kuhukumu. Anayesambaza uvumi sokoni ni yule asiyejua pa kuupeleka. Aliyefunzwa hupeleka alichokiona mahali pamoja, kwa maandishi, na kuwaachia wachunguzi kazi yao. Mwalimu asiye na hatia hana kinga bora kuliko hiyo.

Linabaki suala la mpaka wenyewe. Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia, ili maafisa wa nchi hizi mbili wahudumu chini ya paa moja na mizigo isicheleweshwe. Ikiwa tumeweza kukaa pamoja kwa ajili ya saruji na ndizi, kwa nini walimu wakuu na maafisa wa watoto wa pande hizi mbili wasikutane walau mara moja kila muhula? Nchi zote mbili zamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18. Hata nambari ya simu ya kuwasaidia watoto bila malipo ni moja, 116, Kenya na Uganda. Msingi umekwisha kuwekwa. Kuta ndizo hazijajengwa.

Gharama si kisingizio. Ukumbi wa shule upo, afisa wa watoto yupo, na siku mbili za likizo zatosha kuanza. Bodi za usimamizi zaweza kuandika katika mkataba wa kila mpishi na kila bawabu kwamba kuripoti ni sehemu ya kazi yake, na kwamba hatafukuzwa kwa kufanya hivyo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa mtoto huyu anayevuka mpaka kila asubuhi ni wetu sote, na mtu wa kwanza kuuona huenda akawa yule anayemfungulia lango.