Nywila haiandikwi kwenye mstari wa amri

Fikiria uko kwa wakala wa M-Pesa pale Kasokola, foleni imejaa, halafu badala ya kubonyeza namba yako ya siri unaitaja kwa sauti. Huwezi, siyo? Lakini kwenye kompyuta ya Linux inayotumiwa na darasa zima, wengi wetu tunafanya hivyohivyo.

Ukiandika `mysql -u root -pMigebuka1`, unadhani umeinong'oneza programu peke yake. Wapi! Ukifunga dirisha, mstari mzima unahifadhiwa kwenye faili la `.bash_history`. Atakayekaa baada yako kwenye akaunti hiyo anabonyeza mshale wa juu tu, na nywila hiyo hapo. Tena, Linux huweka maneno ya kila amri inayoendelea ndani ya `/proc`, na kwa kawaida mtumiaji yeyote wa mashine hiyo huyaona kwa `ps aux`. MySQL huwahi kuifunika nywila kwa herufi x, ila kuna kitambo kidogo inakuwa wazi. Programu nyingine hata hazijisumbui.

Andika `-p` tupu, programu ikuulize. Unachobonyeza hakitaonekana (usishtuke, kibodi haijafa). Kwa skripti ya usiku, ambapo hakuna wa kuulizwa, weka nywila kwenye `~/.my.cnf`, kisha `chmod 600 ~/.my.cnf` ili usome wewe tu.

Na kama ulishaianika, kufuta historia hakutoshi, maana hujui nani kaiona. Badilisha nywila leo.