Mkate wa Eliya

Eliya alipochoka hata akaomba kufa, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, ndipo akapata nguvu za kwenda Horebu siku 40 (1 Wafalme 19).

Basi, ndugu yetu hapa Ogwedhi akisikia sauti tusizozisikia, au akikata tamaa ya kuishi, tusimfunge kamba wala kumnyima dawa kwa kisingizio cha maombi. Siku hiyo hiyo tumpeleke kituo cha afya, tuulizie muuguzi wa magonjwa ya akili. Asipokuwapo, tuombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti mjini Migori. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 yazitaka kaunti zitoe huduma hiyo.

Tumsindikize, tumkumbushe dawa, tuzidi kumwombea. Amina.