Myumbishe Kwanza: Jujutsu ya Kale Mbele ya Fimbo na Kisu

Mtu aliyesimama imara hakunjiki mkono. Ukimdaka kifundo cha mkono akiwa amekanyaga vizuri, ataukaza, atauvuta kwake, na mkono wake wa pili utakuwa umeshakufika usoni. Hapo ndipo wanapokwama vijana wengi wanaojifunza kujihami kwa kutazama video za simu. Wameona kiganja kikipinduliwa na mtu mzima akiruka hewani. Kilichowapita ni tendo la kabla yake, la kufumba na kufumbua: jinsi mtu huyo alivyoyumbishwa. Wajapani huliita tendo hilo kuzushi, na bila hilo jujutsu yote haifanyi kazi.

Jujutsu ni jina la pamoja la mbinu za mapambano ya karibu zilizotumiwa na samurai, askari wa Japani ya zamani. Takenouchi-ryu, moja ya shule zake kongwe, huhesabu mwanzo wake tangu 1532, wakati nchi ile ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Askari aliyepokonywa upanga, au aliyebanwa asipate nafasi ya kuuchomoa, alipaswa kumwangusha adui aliyevaa deraya huku akiuzuia mkono wenye kisu. Kumpiga ngumi mtu wa deraya ni kujivunja vidole. Ndiyo sababu shule hizo zilitia mkazo katika kuangusha, kukunja viungo na kukabili silaha, na mambo hayo matatu yalifundishwa kama kazi moja.

Baadaye kazi hiyo iligawanyika. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku kubeba panga hadharani, na shule za kale zikaanza kukosa wanafunzi. Mwaka 1882 Jigoro Kano alifungua shule yake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, akachukua mbinu za shule mbili alizosomea, Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, akajenga judo. Judo ilipoingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, ilikuwa imeshakuwa mchezo wa kuangushana, kubana chini na kukaba. Katika mashindano unaruhusiwa kukunja kiwiko tu. Kifundo cha mkono hakiguswi. Mikunjo ya kifundo ilipata makao katika aikido ya Morihei Ueshiba, mwanafunzi wa Sokaku Takeda wa shule ya Daito-ryu. Nazo mbinu za kukabili silaha zilihifadhiwa ndani ya kata, yaani mifululizo ya mazoezi ya watu wawili yenye mpangilio maalumu. Kime no kata ya Kodokan ina mbinu 20, na 7 kati yake ni dhidi ya kisu na upanga. Kodokan Goshin Jutsu, iliyotungwa mwaka 1956, ina mbinu 21, na 9 kati yake ni za silaha: 3 za kisu, 3 za fimbo na 3 za bastola.

Kwetu Tanzania elimu hii imefika zaidi kwa njia ya judo. Zanzibar imekuwa kitovu chake tangu miaka ya 1990, kwa jitihada za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliyehamia visiwani na kulea vizazi vya wachezaji. Mwaka 2024 Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Olimpiki ya Paris, uzito usiozidi kilo 73. Kwa hiyo kijana wa Singida, Manyoni au Kiomboi anayetaka jujutsu aanze kwa kutafuta mwalimu wa judo. Akipata misingi ya kuyumbisha na kuanguka, yaliyobaki yatakuwa na mahali pa kukaa.

Tuanze na kuangusha. Kila mtoto wa kwetu anajua kumpiga mwenzake mtama. Mbinu ya osoto gari inafanana nao, ila hatua zake zina mpangilio. Mshike mwenzako mkono wa nguo karibu na kiwiko chake cha kulia, na mkono wako mwingine ushike ukosi. Vuta mkono ule chini kuelekea kiunoni kwako huku ukiusukuma ukosi nyuma, mpaka uzito wake wote ushuke kwenye kisigino chake cha kulia. Sasa kanyaga kwa mguu wako wa kushoto ubavuni pake, vifua vikutane, kisha pitisha mguu wa kulia nyuma ya wake na uufyeke. Mtama wa uwanjani huupiga mguu wakati mtu bado anagawa uzito kwenye miguu miwili, ndiyo maana mara nyingi anajikwaa tu na kusimama tena. Osoto gari huuondoa mguu mmoja uliobeba mwili mzima, na mwili hauna pa kwenda ila chini.

Mikunjo ya kifundo hufuata kanuni hiyo hiyo. Chukua kote gaeshi. Kidole gumba chako cha kushoto kinakaa mgongoni mwa mkono wake wa kulia, karibu na vifundo vya vidole viwili vya mwisho. Vidole vyako vingine vinazunguka shina la gumba lake. Unaukunja mkono kuelekea kigasha, kisha unaugeuza kwa nje. Kigasha kina mifupa miwili inayojizungusha mmoja juu ya mwingine, na mzunguko huo una mwisho. Ukifika mwisho, nguvu hupanda kwenye kiwiko, kisha begani, na mwili hulazimika kufuata ili kujiokoa. Lakini hayo hutokea pale tu mtu anapokuwa ameshavutwa hatua moja nje ya nyayo zake. Asipoyumba, atashindana nawe kwa misuli, na mwenye nguvu zaidi atashinda.

Kifundo hicho kimeundwa kwa mifupa midogo 8 iliyofungwa kwa kano. Kano zinaweza kuchanika kabla anayekunjwa hajahisi maumivu makali. Hivyo mikunjo yote hufanywa polepole, na mwenzako akigonga mkeka au mwili wako mara mbili unaachia papo hapo. Anayechelewa kuachia asipewe mwenzake mwingine wa kufanya naye mazoezi.

Silaha ya kwanza ya kufikiria katika mkoa wetu wa Singida ni fimbo. Njiani kuelekea mnadani, machungani Ikungi na Mkalama, mwanamume na fimbo yake ni jambo la kila siku, na ugomvi mdogo huweza kuiinua. Fimbo hufanya kazi kama mlango: ncha huenda mbali na kwa kasi, lakini karibu na bawaba mwendo ni mdogo. Kuna sehemu mbili za usalama: nje kabisa ya upeo wa ncha, au ndani kabisa, karibu na ngumi iliyoishika. Sehemu inayoua ni ya katikati, na ndipo watu wengi wanaposimama wakiinua mkono kukinga. Ukiwa huwezi kuondoka, ingia kwa mshazari fimbo ikiwa bado inapanda, uzuie mkono juu ya kiwiko, kisha umwangushe. Kumpokonya fimbo ni jambo la mwisho, akiwa ameshakuwa chini.

Kisu ni hatari zaidi. Hakihitaji nafasi wala kasi, na mwenye kisu huchoma, hurudisha mkono na kuchoma tena. Kudaka kifundo kinachokwenda na kurudi hivyo ni bahati. Kata za kale hufundisha kwanza kuutoa mwili kwenye mstari wa shambulio, kisha kuudhibiti mkono mzima kuanzia kiwiko, na kote gaeshi huja mwishoni. Hata aliyefanya mazoezi kwa miaka anaweza kukatwa. Kama kuna njia ya kukimbia, kimbia. Kama anataka simu au pikipiki, mpe.

Sheria nayo inataka kiasi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujilinda, lakini kwa nguvu inayohitajika tu. Aliyekwisha kuanguka na kupoteza fimbo si tishio tena, na kuendelea kumvunja mkono kunaweza kukufikisha mahakamani kama mshtakiwa.

Mzazi anayempeleka mtoto mazoezini atazame wiki za kwanza zinatumikaje. Mwalimu mzuri huanza na kuanguka: kidevu kifuani, pumzi ikitoka, kiganja na kigasha vikipiga chini kwa pamoja ili kichwa kisiguse. Ardhi ya Singida ni ngumu na ina mawe mengi, hivyo pasipo na mikeka itafutwe namna ya kulainisha, kwa mfano vumbi la mbao lililotandazwa nene na kufunikwa kwa turubai lililokazwa vizuri. Baada ya kuanguka ije kuyumbisha, kisha kuangusha, kisha mikunjo, kisha fimbo, na kisu cha mbao mwisho kabisa. Mwalimu anayeanza na kisu ili kuwavutia wanafunzi anawapa ujasiri usio na msingi, na ujasiri huo unaweza kumgharimu kijana maisha siku atakapokutana na kisu cha kweli.