Pwani Bila Chumvi: Mama na Mzee Wakodi RV

Kama ulisikiliza kipindi cha wiki hii, umeshamsikia Mama akicheka mpaka maikrofoni ikalia. Lakini muda haukutosha, na maswali yanayotufikia ni yale yale: kwani walienda wapi hasa, wanashauri nini, na ni nani aliyewaambia watu wa miaka 67 na 66 wakalale kwenye gari? Haya, kaeni vizuri, hii hapa kwa kirefu.

Wazazi wangu wanaishi Apple Valley, nyumba ile ile tangu 2003. Mzee alikuwa dereva wa basi la shule. Mama alifanya kazi karibu miaka thelathini kwenye nyumba za kutunzia wazee, mwanzo kama msaidizi, baadaye kama nesi, na shifti nyingi zilikuwa za usiku. Wote sasa wamestaafu. Septemba iliyopita walikodi RV, yaani lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, wakafuata barabara ya 61 kando ya Ziwa Superior, kutoka Duluth hadi mpaka wa Kanada. Ni kama maili 150. Waliondoka Jumapili, wakarudi Ijumaa. Na ukiondoa safari za Kenya, hiyo ndiyo likizo ya kwanza waliyowahi kuchukua tangu waje Marekani mwaka 1990.

"Likizo" kwetu ilikuwa nini?

Sisi tuliozaliwa hapa tunajua. Likizo maana yake ilikuwa kwenda nyumbani. Masanduku mawili kwa kila mtu, mizani ya bafuni katikati ya sebule, na nusu ya mizigo si yenu. Mkifika kuna matanga, kuna harusi, kuna kesi ya shamba, kuna fundi aliyekula pesa za mabati. Mnarudi Minnesota mmechoka kuliko mlivyoondoka, na Jumatatu Mama yuko kazini.

Kwa hiyo watu wameishi hapa zaidi ya miaka thelathini, wamelipa kodi, wamesomesha watoto watatu, na hawajawahi kuona ziwa kubwa lililo safari ya saa tatu kutoka mlangoni kwao. Barabara ya I-35 inapita jirani tu na Apple Valley. Ukiifuata kaskazini inaishia Duluth, kule juu ya ziwa. Mzee aliijua vizuri hiyo barabara, ila hakuwahi kuwa na sababu ya kufika mwisho wake.

Wazo lenyewe lilikuwa la Mama, na halikutoka kwenye intaneti. Lilitoka kazini. Anasema vyumba vya wazee aliowatunza vilikuwa na picha ya aina moja ukutani: mume, mke, trela au RV, na maji nyuma yao. Usiku mzee akikosa usingizi, Mama alikuwa anamuuliza, "Hapa ni wapi?" Basi hadithi inaanza. Gooseberry, Grand Marais, mwaka ule mvua ilinyesha wiki nzima, mbwa alipotea akapatikana. Wengine walikuwa wameanza kusahau majina ya watoto wao, lakini kambi waliikumbuka.

"Nimeogesha watu miaka thelathini," Mama alituambia kwenye kipindi, "na kila mmoja alinisimulia mahali ambapo mimi sijafika. Nikasema, na mimi nitamsimulia nini nesi wangu? Shifti?"

Hapo studio ilinyamaza kidogo.

Hii ni pwani au si pwani?

Mama ni mtu wa Likoni. Mzee ni wa Homa Bay, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Ndiyo maana kwetu lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili: ilikuwa ndiyo njia ya katikati. Na ndiyo maana walianza kubishana kabla hata hawajatoka Duluth.

Mzee alisema, "Tumefika pwani." Mama akasema, hapana. Pwani ni mahali maji yanapopwa. Yanajaa, yanakupwa, watu wanashuka kuokota kome na pweza, halafu yanarudi. Maji yasiyokupwa yana ukingo, yana ufuo, lakini pwani hayana. Na chumvi iko wapi?

Mzee naye hakukubali. Akamwambia aangalie mawimbi, aangalie meli ikipita chini ya lile daraja la Duluth linaloinuliwa juu ili meli za madini ya chuma ziingie bandarini. Ziwa gani hilo? Kisha akatoa hesabu, maana Mzee na hesabu ni ndugu. Superior lina eneo la kilomita za mraba kama 82,000. Victoria lina kama 69,000, nalo ndilo la pili duniani kwa maji yasiyo na chumvi. Lakini kwa kina hayalingani kabisa: Victoria ni kama mita 80 penye kina zaidi, Superior ni mita 406. "Mimi nimetoka kwa namba mbili nikaja kuishi kwa namba moja," anasema, kama kwamba alipanga.

Ukiuliza mimi, wote wana haki. Superior halina maji kupwa na maji kujaa ya kuonekana kwa macho. Lakini upepo mkali ukisukuma maji upande mmoja wa ziwa kisha ukatulia, maji yanarudi yakiyumba kama kwenye beseni, na kwenye ufuo unaweza kuona yakipanda na kushuka. Mama aliliona hilo Grand Marais asubuhi moja. Akavua viatu, akaingiza mguu mmoja, akautoa. Baridi ilikuwa ya kukata mfupa. "Pwani ya friji," akasema. Suala likafungwa hapo.

Gari lenyewe

Ukubwa haukumtisha Mzee. Mtu aliyeendesha basi la watoto sitini kwenye theluji ya Januari hatishwi na RV. Laisensi ya kawaida ilitosha. Kilichompa kazi ni vitu ambavyo basi la shule halina: gesi, betri, na matenki. Tenki la maji safi, tenki la maji ya kuoshea, na lile la tatu, la choo, ambalo lazima ulimwage mwenyewe kwa bomba nene kwenye kituo maalumu.

Mama alitangaza siku ya kwanza kwamba choo cha gari ni cha dharura tu, na yeye hatapatwa na dharura. Alitembea na tochi hadi choo cha kambi usiku wote mbili za Gooseberry. Usiku wa tatu mvua ilinyesha, dharura ikapatikana. Siku ya kumwaga tenki, Mzee alivaa glavu mbili mbili na kofia, akasimama mbali akisoma maagizo kwa sauti. Jirani wa kambi, mzee wa Kizungu, alikuja akamwonyesha kwa dakika tano. Jioni Mama akawapelekea yeye na mkewe chapati. Kesho yake wakaletewa samaki wa kukaushwa kwa moshi, ambao huuzwa sana kule kando ya ziwa. Mzee aliutazama, akanusa, akasema unahitaji nyanya. Wakala na ugali.

Simu ya Shangazi

Siku ya pili Mama alituma picha kwenye WhatsApp ya familia: Mzee amekaa kwenye kiti cha kukunja, nyuma yake RV, sufuria iko kwenye jiko la gesi nje. Hakuandika maelezo.

Homa Bay ilikuwa usiku. Haikupita nusu saa, Shangazi akapiga. Hakumpigia Mzee, alinipigia mimi. "Niambie ukweli. Wamepoteza nyumba? Kwa nini kaka yangu anapika nje ya gari?"

Nilicheka, halafu nikaacha. Manake nilielewa anaona nini. Kwake yeye mtu mzima mwenye akili hawezi kuacha nyumba ya vyumba vinne akalale ndani ya gari msituni, tena alipie. Ni lazima kuna jambo. Au watoto wamewafukuza.

Nilimweleza. Akanyamaza, kisha akauliza swali la pili, ambalo ndilo lilikuwa swali lenyewe: "Sasa kama kuna pesa za mchezo, ile michango ya mazishi je?" Kulikuwa na mazishi Jumamosi, binamu wa mbali, na jina la Mzee lilikuwa kwenye orodha kama kawaida.

Hapa ndipo naomba tuelewane, sisi tuliolelewa kwenye nyumba hizi. Tumezoea kuongea kuhusu pesa za nyumbani kama mzigo. Wazazi wetu hawalioni hivyo. Kwa Mzee, kutuma ni namna ya kuwepo. Asipotuma, ni kama hakuhudhuria. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuchelewesha mchango.

Nilimpelekea ujumbe. Alimpigia dada yake mwenyewe kutoka Grand Marais. Mama anasema alisimama karibu na maji, akasema maneno machache tu: "Nitatuma Ijumaa nikifika nyumbani. Sasa hivi niko likizo."

Akatuma Ijumaa kweli, mchango kamili. Lakini zile siku nne alizokaa bila kutuma, Mama anasema zilikuwa ngumu kwake kuliko tenki la choo.

Mnara, na mpaka

Walisimama Split Rock, kwenye mnara wa taa ulio juu ya jabali. Ulijengwa baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi kwenye ziwa hili, ukawashwa 1910, wakati ambapo hapakuwa na barabara kabisa. Vifaa vyote vilipandishwa kwa winchi kutoka majini. Siku hizi taa yake huwashwa kila Novemba 10 kuwakumbuka watu 29 waliozama na meli ya Edmund Fitzgerald mwaka 1975. Mzee alisoma kibao chote, halafu akataja MV Bukoba, 1996, na mamia waliozama karibu na Mwanza. Alikuwa tayari Minnesota wakati huo, alisikia kwa simu.

Siku ya nne walifika Grand Portage, mwisho wa barabara. Hapo ni ardhi ya Waojibwe, na hifadhi yenyewe iko kwenye ardhi yao. Ziwa wanaliita Gichigami. Jina Superior lilitoka kwa Wafaransa, na maana yake ni "la juu" tu. Mzee alilipenda hilo, kwa sababu na lile la kwao lilikuwa Nam Lolwe kabla Mwingereza hajalipa jina la malkia wake mwaka 1858.

Kuna maporomoko ya futi 120 pale, na ng'ambo ya mto ni Kanada. Walikaa kwenye benchi. Mama alimuuliza kitu ambacho sisi watoto tumekuwa tukiogopa kuuliza: "Tutarudi kweli?"

Nyumba ya Homa Bay imekwisha, ina hata tenki la maji. Lakini Mama ana presha, na Medicare, kwa sehemu kubwa, haivuki mpaka. Wajukuu wako Burnsville na Rosemount. Mzee alijibu kwamba atazikwa kwao, hilo halina mjadala. Lakini kuzikwa na kuishi ni mambo mawili, na hakuna aliyesema lazima yawe mahali pamoja.

Kwa miaka yote tuliyoishi nao, hatukuwahi kumsikia akiyatenganisha.

Kama unataka kuwapeleka wako

- Wakaazi wa Minnesota waliofikisha miaka 65 hulipa nusu ya bei ya kupiga kambi kwenye hifadhi za jimbo, Jumapili hadi Alhamisi. Ndiyo sababu Mzee alichagua siku hizo.
- Nafasi hufunguliwa siku 120 kabla. Za kando ya ziwa huisha haraka. Amka mapema.
- Gooseberry unaweza kuona maporomoko bila kulipia kibali cha gari ukiegesha kwenye kituo cha wageni. Grand Portage pia hakuna kibali cha gari.
- Usiache chakula nje usiku. Dubu wapo, na wanapenda chapati pia.
- Usibebe kuni kutoka nyumbani, nunua huko huko. Wadudu wa miti husafiri nazo.
- Chukueni jaketi hata kama ni Julai.
- Waelezee ndugu kabla ya kutuma picha.

Mzee anasema Novemba wanaenda Homa Bay, miezi mitatu, masanduku manne. Mama amekubali, kwa sharti moja: wawe wamerudi kabla ya Mei, kwa sababu ndipo nafasi za Septemba zinafunguliwa, na safari hii anataka ile iliyo mbele kabisa ya maji.