Ukiuziwa zumu, ulizia mwanga

Muuzaji wa Kariakoo akitoa kamera ya zumu kabatini, sifa ya kwanza ni kwamba inavuta mpaka mwezini. Hadanganyi. Nikon P1000 ya mwaka 2018 inavuta mara 125, kutoka milimita 24 hadi 3000, na mashimo ya mwezi utayaona. Lakini wengi wetu tuna kipaimara, mahafali, send-off ya binamu na, Mungu akijalia, safari ya Mikumi.

Kwa shughuli hizo mimi ningeanza na maandishi madogo kwenye mdomo wa lenzi. Ya P1000 inasoma 1:2.8-8, ya Sony RX10 IV, 2.4-4. Namba ya mwisho ndiyo ya kuvuta hadi mwisho, na ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia: 4 inapitisha mara nne ya 8. Tena kihisi cha Sony, cha inchi moja, kina eneo kama mara nne ya kile cha Nikon. MC akizima taa keki iingie, utajua ulilipia nini. Ndiyo, Sony inaishia milimita 600, lakini hizo zinatosha kumleta bibi harusi karibu kutoka meza ya mwisho. Mikumi nako, saa sita mchana, hewa ya moto humchezesha twiga kiooni, na kadiri unavyovuta ndivyo anavyozidi kuyeyuka.

Husemwa pia kwamba kamera hizi haziingii vumbi kwa sababu lenzi haibadilishwi. Si kweli kabisa. Lenzi inayochomoza na kurudi huvuta hewa pamoja na vumbi lake. Panasonic FZ2500, kwa upande wake, husogeza zumu ndani kwa ndani, na video yake hutulia kwa hilo.

Kwa video kuna jambo jingine. Sony hukata kurekodi kwenye dakika 29 hivi. Haijaharibika: ushuru wa Ulaya uliwahi kuihesabu kamera inayorekodi nusu saa na zaidi kuwa kamera ya video, watengenezaji wakaukwepa. FZ2500 haina kikomo hicho, ila pacha wake wa soko la Ulaya, FZ2000, anacho. Kwenye mitumba zote mbili zinaweza kukaa rafu moja, sura ileile. Anayerekodi mahubiri asome namba ya modeli kabla ya kutoa hela.