Nani Hulipia Zawadi za Gofu ya Diski?

Katika mashindano mengi ya gofu ya diski nchini Marekani hakuna majukwaa, hakuna tiketi za kuingilia wala kamera za televisheni. Watazamaji, wakiwapo, ni mke wa mchezaji, watoto wawili na mbwa. Hata hivyo jioni ikifika kuna mtu anaondoka na bahasha ya dola mia kadhaa, na makumi ya wengine wanaondoka na diski mpya kwapani. Fedha zimetoka wapi? Zimetoka kwa wachezaji wenyewe, waliolipa ada wiki kadhaa nyuma. Hilo halina siri. Kinachohitaji maelezo ni njia ambayo fedha hizo hupita kabla ya kurudi kwao, na zinachokuwa zinapowarudia.

Kwa asiyeufahamu mchezo: gofu ya diski ina kanuni za gofu tuliyoizoea, ila mchezaji hurusha kisahani cha plastiki badala ya kupiga mpira kwa fimbo, na mahali pa shimo pana kikapu cha chuma chenye minyororo inayokinasa kisahani. Kikapu hicho kilibuniwa na Ed Headrick, aliyekuwa mfanyakazi wa Wham-O, kampuni iliyoutangazia ulimwengu Frisbee. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kiliwekwa Oak Grove, California, mwaka 1975. Mwaka uliofuata Headrick akaanzisha PDGA, chama ambacho hadi leo hutunga kanuni na kuidhinisha mashindano. (Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki zikatengenezwa diski, kama alivyotaka mwenyewe. Mapenzi ya mchezo yana viwango vyake.)

Mwaka 1979 Wham-O ilidhamini shindano la Huntington Beach lenye zawadi za dola 50,000, kiasi kikubwa mno kwa mchezo mchanga. Lakini udhamini wa namna hiyo haukuwa desturi. Viwanja vingi viko kwenye bustani za umma na kucheza ni bure, kwa hiyo hapakuwa na mwenye kiwanja wa kuvuna kiingilio, wala kituo cha televisheni kilichokuwa kikigombea haki za kuonyesha. Waliobaki kugharamia mashindano ni wachezaji, na mfumo wa fedha uliopo sasa ulijengwa juu ya hali hiyo.

Msomaji wa huku kwetu anaweza kulinganisha na bonanza la mtaani ambako kila timu hutoa ada na bingwa huondoka na mbuzi. Tofauti ni kwamba katika gofu ya diski aliyeandaa ndiye pia muuza mbuzi.

Washiriki hugawanywa makundi mawili makubwa: wa kulipwa na wa ridhaa. Wa kulipwa hushindania fedha taslimu. Wa ridhaa, ambao katika mashindano ya kawaida ndio wengi zaidi, hawapokei fedha. Zawadi zao ni bidhaa, au vocha ya kununulia bidhaa, na bidhaa yenyewe karibu kila mara ni diski, begi la diski au fulana. Mchezaji wa ridhaa anayejiingiza daraja la wa kulipwa akapokea fedha, hadhi yake ya ridhaa imekwisha. Akitaka kuilinda, huikataa bahasha. Akishinda diski ishirini, hata hivyo, hadhi yake haiguswi. Sheria haioni plastiki kuwa fedha.

Siri ya hesabu imejificha hapo. Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanja kina mashimo 18, na wachezaji wanne wanaanzia kila shimo kwa wakati mmoja, hivyo jumla yao ni 72. Tuseme 52 ni wa ridhaa wanaolipa dola 45 kila mmoja, na 20 ni wa kulipwa wanaotoa dola 80. Zimekusanywa dola 3,940. Kwanza huondolewa makato ya kila kichwa: ada ya chama, mchango wa kiwanja, gharama za malipo ya mtandaoni. Tuyaweke makato hayo kuwa dola 8. Upande wa ridhaa zinabaki dola 1,924, na upande wa kulipwa 1,440.

Upande wa kulipwa hauna ujanja. Dola 1,440 zote hurudi kwa wachezaji, na kwa kuwa takriban asilimia 40 tu ya washiriki hulipwa, wanane watapata na kumi na wawili watarudi mikono mitupu. Wa kwanza huchukua kama robo ya fungu. Wa nane hupata kiasi kisichotofautiana sana na ada aliyotoa. Amecheza siku mbili, amelala hotelini, amejaza mafuta, na ameambulia ada yake. Ukimtazama kwa jicho la biashara, mchezaji wa kulipwa wa kiwango cha kawaida ni mtu anayecheza kamari dhidi ya wenzake huku akijigharimia safari.

Upande wa ridhaa ndiko kwenye utamu. PDGA huweka kiwango cha chini cha zawadi ambacho ni lazima kirudi kwa wachezaji hao, kulingana na ngazi ya shindano. Ngazi za kawaida huitwa C, B na A kutoka chini kwenda juu, na kadiri ngazi inavyopanda ndivyo masharti yanavyokaza. Tuseme mwandaaji wetu anarudisha thamani yote, dola 1,924. Thamani hiyo lakini huhesabiwa kwa bei ya rejareja. Diski inayouzwa dola 18 dukani, mwandaaji ameipata kwa bei ya jumla, karibu na nusu yake. Ametoa zawadi za dola 1,924 kwa kutumia kama dola 962, na dola 962 nyingine ziko mkononi mwake kihalali kabisa. Hakuna aliyeibiwa kwa mujibu wa sheria. Kila mchezaji amepewa kitu chenye bei iliyoandikwa ubavuni.

Waandaaji wengi wana duka la diski, au wana ubia na mwenye duka. Vocha ya mshindi hutumika kwenye meza ileile iliyo karibu na ubao wa matokeo. Kwa hiyo ushindi wa mchezaji wa ridhaa ni pia mauzo ya duka, na anayekwenda kutumia vocha ya dola 30 huku akitamani kitu cha dola 42 atatoa 12 mfukoni. Wachezaji waliokaa muda mrefu katika mchezo wana rundo la diski gereji ambazo hawatazirusha kamwe.

Turudi kwa zile dola 962, maana msomaji ameshaanza kumwona mwandaaji kama tajiri. Humo hutoka vikombe, vyoo vya kukodi, karatasi, maji na zawadi za waliojitolea. Tuseme dola 200. Humo pia mara nyingi hutoka kile wachezaji wa kulipwa wanachokisubiri kwa hamu: nyongeza. Mashindano ya ngazi za juu hulazimika kuongeza fedha juu ya ada za wachezaji wa kulipwa, na mahali ambapo mdhamini hakupatikana, nyongeza hiyo huchotwa kwenye faida ya plastiki. Tuseme dola 300. Fungu la wa kulipwa limepanda kufikia 1,740, na mwandaaji amebakiwa na 462. Kama ametumia saa 60 kuomba kibali, kupanga makundi, kujibu ujumbe wa usiku wa manane, kupima mistari ya nje na kusimama juani siku mbili, amejilipa dola 7.70 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani, kisichobadilika tangu 2009, ni dola 7.25. Na hapo mvua haijanyesha.

Ndiyo maana sioni sababu ya kumlaumu mwandaaji anayejilipa. Kuna wachezaji wanaoshikilia kwamba kazi hiyo ni ya kujitolea na kwamba senti yoyote iliyobaki ni ya zawadi. Watu hao kwa kawaida hawajawahi kuandaa chochote. Swali zito ni jingine: kwa nini mchezaji wa ridhaa, mwenye kipaji kidogo na ada ndogo, anamlipia mchezaji wa kulipwa nyongeza ya zawadi bila kuambiwa? Mgogoro huo ni wa miaka mingi katika mchezo huu. Watetezi husema wachezaji wakubwa ndio wanaoleta wengine. Hilo ni kweli kwenye shindano lenye bingwa wa dunia. Kwenye shindano la mji mdogo, ambako wa kulipwa ni fundi bomba na mwalimu wa hesabu wa hapohapo, hoja hiyo haisimami.

Mfumo wa zawadi za plastiki una kasoro nyingine ya tabia. Wachezaji hupewa alama za uwezo, na madaraja ya ridhaa hutengwa kwa alama hizo. Zawadi ya daraja la chini ikiwa nono, anayestahili kupanda ataona heri abaki alipo, avune diski za wanaojifunza. Wengine hucheza ovyo makusudi ili alama zisipande. Nisingetarajia tofauti: ukiweka mali mahali, watu watakaa hapo.

Kuna pia kapu la mrusho mmoja. Anayependa huchangia dola chache, na atakayetia diski kikapuni kwa mrusho wa kwanza huchukua lote. Fedha hizi hutengwa na fungu rasmi, na asipopatikana mtu, kila mwandaaji ana utaratibu wake. Ulizia utaratibu huo mapema.

Juu kabisa hali imebadilika. Disc Golf Pro Tour, msururu wa mashindano ya wachezaji bora wa kulipwa ulioanza mwaka 2016, huuza tiketi, hupata wadhamini na huonyesha mashindano hayo kwa malipo kupitia mtandao wake. Lakini hata huko, zawadi siyo chanzo kikuu cha utajiri wa nyota. Mwaka 2021 mmoja wa nyota hao, Paul McBeth, alisaini mkataba wa miaka 10 na kampuni ya Discraft wenye thamani ya dola milioni 10, kiasi kilichozidi kwa mbali zawadi zote alizokuwa ameshinda maishani. Discraft hutengeneza diski. Ubingwa wa Marekani unaofanyika Chuo Kikuu cha Winthrop, Rock Hill, tangu 1999 ulianzishwa na Innova, nayo hutengeneza diski. Na wanaonunua diski zenye jina la bingwa ni walewale wa ridhaa. Wanamlipia kwenye ada, kisha wanamlipia dukani.

Ipo njia nyepesi zaidi, na kwangu mimi ndiyo bora kwa mashindano madogo: mchezo wa kikombe pekee. Ada inashushwa mpaka ifikie gharama halisi pamoja na ujira wa mwandaaji ulioandikwa wazi, mshindi anapata kikombe, na kila mtu ananunua diski anayoitaka kwa fedha yake. Wanaopinga husema watu hawatakuja bila zawadi. Wengine kweli hawatakuja. Watakaokuja watakuwa wamekuja kucheza.

Kama siku moja utaombwa ada ya shindano la namna hii, liwe la diski, la vishale au la mpira wa mtaani, uliza mambo matatu kabla ya kulipa: zawadi zimehesabiwa kwa bei ya jumla au ya rejareja, nyongeza ya washindi inatoka fungu gani, na mwandaaji anajilipa kiasi gani. Mwandaaji mwenye hesabu safi atakujibu papo hapo, na mara nyingi utagundua kwamba anajilipa kidogo kuliko ulivyodhani.